Tusiulize tu alifunga ngapi

Aprili 2011, katika ukumbi wa Rose Garden mjini Portland, jimbo la Oregon, kijana wa miaka 18 kutoka Lubumbashi alivaa jezi ya timu ya vijana wa dunia na kuingia uwanjani kupambana na vijana wa Marekani. Mchezo huo unaitwa Nike Hoop Summit. Huchezwa mara moja kwa mwaka, na maskauti wa NBA huja na madaftari yao. Upande wa pili alikuwapo Anthony Davis, ambaye mwaka mmoja baadaye angekuwa namba moja katika usajili wa chipukizi wa ligi hiyo. Timu ya dunia ilifungwa 92 kwa 80, na kijana wa Lubumbashi, Bismack Biyombo, akatoka na pointi 12.

Kwa namna tunavyozungumzia mpira wa kikapu huku kwetu, habari ingeishia hapo. Timu yake imefungwa, yeye kafunga 12, basi. Gazeti lingempa mstari mmoja au lisimpe kabisa. Lakini karatasi ya takwimu ya siku ile ilikuwa na safu nyingine, na ndizo zilizowafanya watu wazima wenye suti waangaliane. Ribaundi 11. Bloku 10, yaani mara kumi mpira ulioelekea kikapuni ulikutana na mkono wake ukaharibika njia. Tangu mchezo huo uanzishwe, hakuna aliyekuwa amewahi kufikisha tarakimu mbili katika vipengele vitatu kwa siku moja. Wa kwanza akawa mtoto wa Katanga aliyekulia kwenye Kiswahili, aliyetoka Kongo akapitia Yemen kabla ya kufika Hispania kucheza ligi ya watu wazima. Juni ya mwaka huohuo alichaguliwa namba saba katika usajili wa NBA.

Nimeanza na Biyombo kwa sababu nina hoja moja, na yeye ni ushahidi wake ulio hai. Swali letu tulilolizoea, "alifunga ngapi?", linawadhulumu vijana wetu. Linamdhulumu anayefunga, kwa kumpa thamani ambayo siku moja haiwezi kuithibitisha. Linamdhulumu zaidi asiyefunga, kwa kumfuta kabisa.

Fikiria jambo hili. NBA ilianza kuhesabu rasmi bloku na mipira iliyoibwa katika msimu wa 1973-74. Bill Russell wa Boston Celtics, aliyetwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13 na ambaye silaha yake kubwa ilikuwa kuzuia mitupo, alikuwa amekwisha kustaafu mwaka 1969. Kwa hiyo mzuiaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake hana hata bloku moja katika kumbukumbu rasmi za ligi. Watu waliziona kwa macho, wakazisimulia, lakini hakuna aliyeziandika kwenye fomu. Sasa chukua mchezo ule wa Portland uupeleke katika zama za Russell. Karatasi ingesema: Biyombo, pointi 12, ribaundi 11. Mchezo mzuri, wa kawaida. Jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya kijana yule lingepotea pamoja na jasho lake.

Takwimu, basi, ni kile ambacho mtu fulani mezani aliamua kukihesabu. Kila safu iliyopo kwenye karatasi ya leo ipo kwa sababu kuna mtu aliona jambo lina maana. Na hata leo safu hazitoshi. Kwa kanuni za wanukuu takwimu, ili bloku ihesabiwe ni lazima mkono wa mzuiaji uguse mpira na mtupo ukose. Mshambuliaji aliyepenya mpaka chini ya kikapu, akainua macho, akaona kivuli cha Biyombo, akageuka na kurudisha mpira nje, hakuandikwa popote. Mchezaji anayesimama imara kuwa kizuizi ili mwenzake apate nafasi ya kutupa, haandikwi. Anayepiga kelele usiku kucha kuwapanga wenzake kwenye ulinzi, haandikwi. Kocha makini anayajua haya, na ndiyo maana husoma karatasi kisha akarudi kutazama video.

Upande wa pili wa hoja yangu uko Hispania, na huu nataka tukae nao kidogo, kwa sababu ni mchezo wa vijana wenye namba za kustaajabisha kuliko nyingi ninazozifahamu.

Agosti 2006, katika mji wa Linares, Hispania ilikutana na Urusi kwenye fainali ya Ubingwa wa Ulaya kwa vijana wa chini ya miaka 16. Mlinzi mwembamba wa Hispania, Ricky Rubio, alitupa mpira kutoka karibu na katikati ya uwanja muda wa kawaida ukimalizika. Ukaingia. Mchezo ukaenda muda wa nyongeza, kisha muda wa nyongeza wa pili, na Hispania ikashinda 110 kwa 106. Rubio alimaliza na pointi 51, ribaundi 24, pasi 12 za kufungisha, na mipira 7 aliyoiba. Katika mashindano yote aliongoza kwa pointi, kwa ribaundi, kwa pasi na kwa kuiba mpira, na akawa mchezaji bora.

Msomaji wa haraka anaona 51 na kushika kichwa. Msomaji mwenye subira anaanza kuuliza. Kwanza anauliza dakika. Mchezo wa FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, una dakika 40, na kila muda wa nyongeza ni dakika 5, kwa hiyo fainali ile ilikuwa ya dakika 50. Hata kama Rubio hakukaa benchi hata kidogo, pointi 51 kwa dakika 50 ni sawa na 41 kasoro kidogo kwa dakika 40. Bado ni nyingi mno, lakini tayari tumeanza kusoma badala ya kushangaa. Kisha anaangalia mgawanyo. Pointi 51 kati ya 110 za timu ni karibu nusu. Zile pasi 12 zilizozaa vikapu vya wenzake, hata ukikihesabu kila kikapu kwa pointi mbili tu, zinakupa 24 nyingine. Kwa maneno mengine, takriban pointi 75 kati ya 110 zilipita mikononi mwa mtoto mmoja. Hapo ndipo unapoiona timu ilivyocheza: kila kitu kilianzia kwake na kumalizikia kwake, na wenzake walikuwa tayari kwa hilo.

Halafu anauliza swali ambalo karatasi hailijibu: huyu mtoto alitoka wapi kabla ya siku hii? Rubio alizaliwa Oktoba 1990. Katika mashindano ya waliozaliwa kuanzia Januari 1990, alikuwa miongoni mwa wadogo wa rika lake, si wale waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka ambao kwa umri huo huwa wamewazidi wenzao kimo na kifua. Jibu liko kwingine. Oktoba 2005, akiwa hajatimiza miaka 15, alikwishaichezea Joventut ya Badalona katika ligi kuu ya Hispania, dhidi ya wanaume wenye ndevu. Alikuja Linares akiwa amezoea kasi ya watu wazima, na alipokutana na wa rika lake, mchezo ulionekana kwake kama unatembea. Ribaundi 24 za mlinzi mwembamba zinasema hivyo: alikuwa anajua mpira utaangukia wapi kabla wengine hawajajua. Namba ile ni ya usomaji wa mchezo zaidi ya urefu wa mikono.

Je, kilichofuata kilikuwa pointi 51 za kila wiki? Hapana. Rubio alicheza fainali ya Olimpiki ya Beijing 2008 akiwa na miaka 17 na kupata medali ya fedha. Alichaguliwa namba tano katika usajili wa NBA mwaka 2009, akacheza huko kuanzia 2011, na wastani wake wa maisha katika ligi hiyo ukawa pointi 10.8 na pasi zaidi ya 7 kwa mchezo. Udhaifu wake mkubwa miaka yote ulikuwa kutupa. Ndiyo, kijana aliyewafunga Warusi 51 alijulikana ukubwani kama mtu asiyefunga sana. Kilichobaki naye ni zile safu nyingine: pasi, mipira ya kuiba, macho ya kuona nafasi. Mwaka 2019 aliiongoza Hispania kutwaa Kombe la Dunia huko China na kuchaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Mwaka 2023 alisimama kucheza ili aitunze afya yake ya akili, na Januari 2024 akatangaza kuwa safari yake ya NBA imekwisha. Alisema wazi kwamba alikuwa amepita katika kipindi kigumu. Ninamheshimu sana kwa hilo, na ninalitaja kwa makusudi, maana mtoto anayeitwa muujiza akiwa na miaka 15 hubeba jina hilo mgongoni muda mrefu baada ya watazamaji kuondoka ukumbini.

Kwa hiyo ukiirudia karatasi ya Linares leo, utaona ukweli uliokuwapo tangu siku ile. Safu ya pointi ndiyo iliyopiga kelele kuliko zote, na ndiyo iliyosema machache zaidi kuhusu mchezaji ambaye Rubio angekuja kuwa.

Mfano wa tatu nautaja kwa ufupi. Mwaka 2013 mjini Prague, Marekani iliifunga Serbia 82 kwa 68 katika fainali ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 19, na mchezaji bora wa mashindano akawa Aaron Gordon. Katika kikosi cha Serbia kilichopata fedha alikuwamo kijana mnene kidogo, mzito wa kukimbia, ambaye hakuwa nyota wa timu hiyo. Mwaka uliofuata alichaguliwa namba 41. Jina lake ni Nikola Jokić, na amekuwa mchezaji bora wa NBA mara tatu, mwaka 2021, 2022 na 2024. Mwaka 2023 yeye na Gordon walitwaa ubingwa pamoja wakiwa Denver, Gordon akiwa msaidizi na Jokić akiwa nguzo. Hakuna aliyedanganywa na karatasi ya Prague. Iliandika kweli kilichotokea Prague. Makosa ni ya anayeisoma kana kwamba imeandika na kitakachotokea Denver.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu hoja hii ina uzito wa pekee katika ukanda unaozungumza Kiswahili. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mpira wa kikapu wa vijana, methali hiyo haitusaidii. Chema ambacho hakikuandikwa hakijiuzi popote. Skauti aliyeko Madrid au Dakar hawezi kukaa kwenye kiwanja cha saruji cha Dodoma, Kisumu au Bujumbura kusubiri bahati. Anaanza na kumbukumbu: mtoto huyu amecheza michezo mingapi, dakika ngapi, dhidi ya nani, amepoteza mpira mara ngapi, ana faulo ngapi. Kama kinachobaki baada ya mashindano ni matokeo ya mwisho na jina la mfungaji bora, basi watoto wote wa aina ya Biyombo wamefutwa kabla hawajaanza kutafutwa. Yeye mwenyewe alilazimika kuondoka nyumbani akiwa kijana mdogo ili mchezo wake uhesabiwe na watu wengine.

Na tazama maisha yake yalivyokwenda. Hakuna msimu hata mmoja wa NBA ambao Biyombo alifikia wastani wa pointi 10. Kwa swali la "alifunga ngapi" huyu si mchezaji wa kuzungumziwa. Lakini alidumu katika ligi ngumu kuliko zote kwa zaidi ya misimu 10. Mei 2016, akiwa na Toronto Raptors, alinyakua ribaundi 26 katika mchezo mmoja wa fainali ya kanda ya mashariki dhidi ya Cleveland ya LeBron James, ikawa rekodi ya klabu. Majira hayohayo alisaini mkataba wa miaka minne na Orlando wenye thamani ya dola milioni 72. Mwaka 2022, baada ya kufiwa na baba yake, alitangaza kwamba mshahara wake wa msimu huo Phoenix utakwenda kujenga hospitali Kongo kwa jina la mzee huyo. Hayo yote yamejengwa juu ya safu ambazo magazeti yetu hayazichapishi.

Khaman Maluach naye ni wa safu hizohizo. Ni mtoto wa Sudan Kusini aliyelelewa Uganda, na mwaka 2024 aliichezea City Oilers ya Kampala katika Ligi ya Kikapu ya Afrika, kisha akaenda na timu ya taifa lake kwenye Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17. Chuoni Duke alipata wastani wa pointi chini ya 9. Juni 2025 alichaguliwa namba 10 katika usajili wa NBA. Waliomchagua walikuwa wanasoma nini? Walisoma ribaundi, walisoma asilimia ya mitupo inayoingia, walisoma jinsi wapinzani walivyobadilisha njia walipomkuta chini ya kikapu.

Kuna anayeweza kunijibu kwamba tukiwajaza watoto takwimu tutawaharibu. Ana haki ya kuogopa. Mtoto akijua kwamba kila kupoteza mpira kunaandikwa, anaweza kuacha kujaribu ile pasi ngumu inayomfundisha. Akijua ribaundi zinahesabiwa, anaweza kumpokonya mwenzake mpira ambao tayari ulikuwa wa timu. Nimewaona wazazi wakipita na simu, wakituma pointi za mtoto kwa kila jamaa kabla kijana hajavua viatu, na nimeona uso wa kijana huyo siku aliyofunga nne. Lakini dawa ya hofu hii haipatikani kwa kuacha kuhesabu. Mtoto anayepimwa kwa safu moja ndiye anayeifukuzia safu hiyo mpaka anamsahau mwenzake. Ukimwonyesha safu zote, na kocha akaanza mazungumzo kwa pasi, kwa ulinzi, kwa dakika alizokaa benchi akishangilia wengine, anajifunza kwamba kuna njia nyingi za kuwa na thamani uwanjani. Mrefu asiye na mkono wa kutupa anajifunza hivyo. Mfupi anayeona nafasi kabla ya wengine anajifunza hivyo.

Sheria nyingine mbili ningependa tuziheshimu. Usimhukumu kijana kwa mchezo mmoja, hata uwe mzuri kiasi gani. Portland na Linares zinang'aa leo kwa sababu tunajua kilichofuata, na kila namba ndefu ya utotoni ina wenzake wengi waliosahaulika. Pili, usiulinganishe mchezo wa vijana na wa watu wazima bila kutaja umri. Katika miaka 15, tofauti ya aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya vipaji vyao, na timu zinazopenda kushinda leo huwachagua wa Januari na kuwaacha wa Desemba waende kucheza mchezo mwingine. Tarehe ya kuzaliwa, iliyo ya kweli, inapaswa kusomwa sambamba na pointi. Nasisitiza iliyo ya kweli, kwa sababu umri wa kughushi huharibu kumbukumbu nzima: unamnyima nafasi mtoto halisi, na namba zote za mchezo huo hazina maana tena.

Kuhusu gharama, kazi hii haihitaji ukumbi wa Portland. Meza moja, kompyuta ndogo moja, na watu wawili: mmoja anatazama na kutamka, mwingine anaandika. FIBA ina programu yake ya kunukuu takwimu, inayotumika katika ligi za nchi nyingi duniani. Na pasipo umeme, karatasi iliyochorwa mistari na kalamu mbili zinatosha, mradi wanukuu wamefundishwa kwamba pasi ya kufungisha ni ipi na bloku ni ipi, wasigawe pasi kwa urafiki. Wanafunzi wenyewe wasiocheza wanaweza kuifanya kazi hii, na baadhi yao wataipenda kuliko kucheza.

Kwa hiyo ninawaomba wanaoandaa michezo ya shule za sekondari ya UMISSETA nchini Tanzania, wanaosimamia michezo ya shule nchini Kenya na Uganda, na wanaokutanisha shule zetu katika michezo ya FEASSSA, waweke meza hiyo kwenye kila kiwanja cha kikapu katika mashindano yajayo, kwa wavulana na kwa wasichana, na watangaze karatasi nzima jioni ileile: dakika, ribaundi, pasi, bloku, mipira iliyoibwa, mipira iliyopotezwa, faulo, na pointi zikiwa miongoni mwao. Wahariri wa michezo nao waichapishe nzima. Na wewe mzazi, mtoto akirudi kutoka kiwanjani, mwombe akuonyeshe karatasi yote, kisha umwachie yeye achague safu ya kukueleza kwanza.